Bunduki ya Shabaha Isiwe ya Wenye Nazo

Tangu Michezo ya Olimpiki ya Paris ya 2024 kuna swali ambalo wanafunzi wamekuwa wakiniletea mara kwa mara: mtu wa kipato cha kawaida hapa Moshi, akitaka kuingia katika mchezo wa kulenga shabaha, achague bunduki gani ambayo haitamfilisi? Wanaouliza huwa wamekwisha kusoma. Wanataja CZ 457 ya Jamhuri ya Cheki, wanataja Savage Mark II ya Marekani, kisha wanataja Anschütz ya Ujerumani kwa sauti ile ile ambayo watu hutajia gari la waziri. Wanatarajia nichague moja.

Nitachagua, wala sitazunguka. Lakini kabla ya hapo niseme wazi kwamba swali lenyewe limekaa upande. Linachukulia kuwa tatizo letu ni bei dukani, na kwamba dawa yake ni kutafuta bidhaa ya bei ya chini. Mimi nadai jambo jingine. Katika nchi kama yetu, bunduki nafuu ya shabaha ni ile inayomilikiwa na klabu, ikafungiwa ghalani na ikatumiwa kwa zamu. Bunduki ya mtu mmoja, hata ingeuzwa kwa bei ya mbuzi wawili, itabaki ghali kwa mlengaji, kwa jirani yake na kwa taifa.

Tuanze na chombo chenyewe

Bunduki tunayoizungumzia hupiga risasi ndogo ya .22, yaani milimita 5.6. Risasi hiyo hubeba kiwashio chake ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, si katikati kama risasi za vita. Kichwa chake cha risasi huwa na uzito wa gramu 2.6 hivi, na ile ya mashindano hutoka kwa mwendo ulio chini kidogo ya mwendo wa sauti. Mshindo wake ni mdogo na teke lake begani karibu halipo. Bunduki yenyewe ni ya bolti: kila baada ya mlio, mlengaji huivuta bolti kwa mkono, ganda likatoka, akaisukuma tena ndipo apige nyingine. Haimiminiki risasi. Mchezo wenyewe unamtaka apige moja, apumue, atafakari, kisha apige nyingine.

Katika mashindano ya kimataifa shabaha hukaa umbali wa mita 50, na duara la pointi kumi lina kipenyo cha milimita 10.4. Tazama ukucha wa kidole chako cha shahada: hapo ndipo mlengaji anapopalenga kutoka umbali wa nusu ya urefu wa uwanja wa mpira, akiwa amepiga goti, amelala, kisha amesimama.

Ni nini kinachoifanya bunduki ya namna hii iwe nzuri? Mtutu uliochongwa sawasawa. Triga nyepesi inayoachia kwa namna ile ile kila mara. Kitako kinachoukubali mwili wa anayeitumia, na hasa kinachoweza kurefushwa na kufupishwa, maana binti wa futi tano na kijana wa futi sita hawawezi kuazimana kitako kimoja kisichorekebishika. Vifaa vya kulengea vya tundu, ambavyo vinatosha bila darubini. Mwisho, risasi zinazoelewana na mtutu huo, kwa kuwa kila mtutu una risasi inazozipenda, na mlengaji hana budi kuzijaribu za aina kadhaa kabla ya kuamua.

Katika orodha hiyo hakuna mbao ya fahari, hakuna nakshi, hakuna jina. CZ na Savage za kawaida huuzwa kwa dola mia chache huko zinakotengenezwa. Anschütz au Walther za daraja la juu huuzwa kwa maelfu. Tofauti ya ubora ipo, na bingwa wa dunia ataihitaji. Anayeanza hataiona. Kwa miaka yake miwili ya mwanzo makosa yote yatakuwa yake: pumzi, bega, kidole, macho. Ukimpa bunduki ya maelfu ya dola utakuwa umemnunulia njia ghali ya kukosa shabaha.

Basi chaguo langu ni hili. Klabu inayoanza inunue bunduki za bolti za .22, zote za aina moja ili vipuri viazimane, kutoka kiwanda chenye sifa ya mitutu mizuri. Kwangu CZ inatangulia. Pili, isione haya kununua mtumba. Vilabu vya Ulaya huuza Anschütz za zamani, nyingine zimetengenezwa miaka ya 1960 na 1970, na mtutu wa .22 uliotunzwa huishi kuliko mmiliki wake. Sisi tuliovishwa na Soko la Memorial hatuna sababu ya kuudharau mtumba.

Sasa tupige hesabu. Tuseme bunduki moja ni dola 500, bila kuweka usafiri na ushuru. Vijana 20 wakinunua kila mmoja yake, zimekwenda dola 10,000, na silaha 20 zimeingia katika nyumba 20. Vijana hao hao wakianzisha klabu yenye bunduki nne, zimekwenda dola 2,000, ambazo ni dola 100 kwa kila mmoja. Watano kwa bunduki moja si wengi: mmoja anapiga, wa pili anatazama upepo, wa tatu anaandika, wawili wanafanya mazoezi ya kupumua na kubana triga juu ya ganda tupu. Hivyo ndivyo watu wanavyojifunza.

Lakini bunduki hununuliwa mara moja. Kinachokula fedha ni risasi. Mlengaji akipiga risasi 60 kwa wiki, ambazo ndizo za mchujo mmoja wa Olimpiki, kwa wiki 40, atatumia 2,400 kwa mwaka. Tukikadiria senti 15 za dola kwa risasi, hizo ni dola 360. Kabla ya mwaka wa pili kwisha, risasi zitakuwa zimeipita bei ya bunduki. Anayeshauri kijana "tafuta tu bunduki ya bei rahisi" amemwonesha nauli ya kwenda akamficha ya kurudi.

Wanaonufaika na ughali

Kwa nini, basi, mazungumzo yetu yote huishia katika bei na majina? Kwa sababu katika jamii yetu bunduki imekwisha kuwa pambo la cheo. Hapa Kilimanjaro sote tumemwona bwana yule anayefika msibani au harusini, akakaa kwa namna ya kuhakikisha kwamba koti limefunguka na kiunoni pameonekana. Silaha ile haimlindi na chochote pale chini ya turubai. Inawaambia walioketi kuwa mwenyewe amefika.

Fikra hiyo hiyo ndiyo inayotaka kuuteka mchezo wa shabaha. Wapo wanaoupenda ubaki mchezo wa watu wachache, wenye bunduki binafsi, uwanja binafsi na kantini yenye bei za kumfukuza mwalimu wa sekondari. Kwao ughali ni ukuta wenye faida: unazuia watoto wa watu wasiingie. Kisha nchi ikikosa mlengaji wa kuipeleka nje, mabwana hao hao watatuambia kuwa Watanzania hawana utulivu wa mchezo huu.

Swapnil Kusale alipotwaa medali ya shaba kule Paris, katika bunduki ya mita 50 kwa mikao mitatu, alikuwa mtumishi wa shirika la reli la India aliyeajiriwa kama mkagua tiketi. Baba yake ni mwalimu, na vyombo vya habari vya nchi yake viliripoti kuwa aliwahi kukopa ili mwanawe apate risasi. Uingereza ya mwaka 1901 ilianzishiwa chama cha vilabu vya shabaha vya wafanyakazi, ambamo makuli na makarani walipiga bunduki ndogo za .22 za vilabu vyao katika kumbi na nyua za mjini. Nia ya waasisi ilikuwa ya kijeshi, kwa kuwa vita vya Makaburu vilikuwa vimewatia hofu, nami siiungi mkono nia hiyo. Naitazama njia: walielewa kwamba mchezo wa watu wengi unahitaji silaha chache zinazotumiwa kwa pamoja.

Dola inayomwamini kijana kwa miezi michache

Upande wa pili wa tatizo ni serikali, na hapa nawaomba watumishi wa umma wanisome kwa makini.

Mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria yalisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Tangu hapo maelfu ya vijana wanaomaliza kidato cha sita huenda makambini kila mwaka, na miongoni mwa wanayofundishwa ni kulenga shabaha kwa bunduki ya kivita. Kwa hiyo dola yetu humwamini kijana wa miaka 18 au 19 kwa silaha iliyotengenezwa kwa ajili ya kuua binadamu. Akitoka kambini, kijana huyo huyo akiomba kuendelea na stadi ile kwa bunduki ndogo ya michezo, chini ya usimamizi, ghafla anakuwa mtu wa kutiliwa shaka.

Nimemfundisha msichana mmoja kutoka Rombo aliyeniambia kuwa katika kombania yake hakuna mvulana aliyemshinda kwa shabaha. Nilimuuliza alifanya nini na kipaji hicho baada ya kurudi. Akacheka, akajibu: "Mwalimu, nilikirudisha stoo pamoja na buti." UMISSETA ina riadha, netiboli na mpira, kwa aliye na jicho na pumzi ya mlengaji hakuna kitu. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na medali zetu mbili za Olimpiki, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, zilipatikana Moscow mwaka 1980. Nchi iliyokaa miaka yote hiyo ikisubiri medali ya tatu haina haki ya kutupa stoo kipaji chochote.

Linganisha na mlinzi wa kampuni binafsi aliyesimama nje ya benki pale katikati ya mji. Bunduki aliyoishika si yake. Ni ya kampuni. Huikabidhiwa kwa saini mwanzoni mwa zamu na huirudisha mwishoni. Utaratibu wa silaha ya taasisi inayotumiwa kwa zamu tunao tayari, tena unafanya kazi barabarani mbele ya macho ya watoto. Je, klabu ya shabaha ya chuo ina lipi la hatari zaidi ya hapo?

Hofu hii ina historia

Mlima huu unazijua bunduki kwa muda mrefu. Biashara ya misafara ilizileta katika karne ya 19, na Mangi Rindi wa Moshi na Mangi Sina wa Kibosho walipima nguvu zao kwa idadi yake. Mwaka 1892 wapiganaji wa Mangi Meli waliwashinda Wajerumani na kamanda wao von Bülow akafa. Mwaka uliofuata Gavana von Schele alirudi na jeshi kubwa na kuishinda Moshi. Machi 2, 1900 Meli alinyongwa Old Moshi. Tangu hapo swali la nani ashike bunduki katika miteremko hii lilijibiwa na mtawala, na jibu halikuwa mwananchi.

Silitaji hilo ili kudai kila nyumba irudishiwe bunduki. Nalitaja kwa sababu miaka michache baadaye mlima huu ulishuhudia mabishano mengine ya namna hiyo hiyo, safari hii kuhusu kahawa. Walowezi walidai Mwafrika asiruhusiwe kuilima: angeeneza magonjwa ya mimea, wezi wangeiba ya Mzungu na kuichanganya na yao. Hoja zote zilikuwa za usalama, na chini yake kulikuwa na jambo moja tu, kulinda upekee wa wachache. Wachaga hawakujibu kwa kila mtu kuhangaika na shamba lake. Walijibu kwa chama: KNPA mwaka 1925, kisha KNCU mwaka 1933. Chama kilisimamia ubora, kikanunua kwa pamoja, kikamjua kila mkulima kwa jina. Hoja ya usalama ilikosa pa kusimama.

Na hata kabla ya kahawa, mifongo ilikuwa imekwisha kutufundisha. Mfereji unaoshuka kutoka msituni haukuwa wa mtu. Kila ukoo ulikuwa na zamu yake ya maji, na aliyekwepa kazi ya kuusafisha alijulikana. Watu waliogawana maji kwa zamu, bila polisi, wanaweza kugawana bunduki nne zilizofungiwa kwa kufuli.

Pingamizi ninazozisikia

Kwanza: usalama. Sitalidharau hili. Julai 2015 majambazi walivamia Kituo cha Polisi cha Stakishari, Dar es Salaam, wakaua na kuondoka na silaha. Ikiwa kituo cha polisi kinavamiwa, ghala la klabu je? Jibu langu ni kwamba tukio lile linaihukumu bunduki ya nyumbani zaidi kuliko ya klabu. Tena bunduki ya bolti ina sifa moja ambayo wanasheria wetu hawajaitumia: bolti hutoka. Ikitolewa, kilichobaki ni bomba na ubao. Mitutu ikae ghala moja, bolti zikae kwenye sefu ya kituo cha polisi, risasi zikae mahali pa tatu. Mwizi atalazimika kuvunja sehemu tatu ili apate silaha inayopiga risasi moja moja ndogo. Mwizi mwenye akili timamu atakwenda kwingine.

Pili: wanasema nchi yenye zahanati zisizo na dawa haina fedha za michezo ya bunduki. Nakubaliana kuhusu dawa. Lakini sijaiomba serikali fedha. Nimeomba kanuni, na kanuni haigharimu dawa za mgonjwa yeyote.

Tatu: huu ni mchezo wa Kizungu. Mpira wa miguu nao uliletwa na meli, na leo hakuna anayeuita wa Kizungu Yanga na Simba zinapokutana.

Nne: kwa nini tusianze na bunduki ya upepo ya mita 10? Hii ndiyo hoja ninayoiheshimu kuliko zote. Bunduki ya upepo ni ngazi ya kwanza nzuri, na klabu yenye busara itakuwa nayo. Hata hivyo ngazi isiyofika ghorofani haimpeleki mtu popote. Risasi ya .22 husukumwa na upepo, na kuusoma upepo hujifunzwa nje. Miteremko yetu ni shule ya hilo: asubuhi, kabla jua halijaupasha mlima, hewa hutulia, mchana unavyoendelea upepo hupanda, na risasi iliyokuwa ikienda kumi huangukia nane.

Tunachokidai

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ilichukua nafasi ya sheria ya 1991. Chini yake tuweke kanuni mahususi za klabu ya shabaha zenye mambo haya. Klabu, si mtu, ndiyo mmiliki. Bunduki iwe ya .22, ya bolti, ya kupakia risasi moja moja. Mtutu, bolti na risasi vitenganishwe. Kila risasi iliyotolewa irudi kama ganda, ihesabiwe na isainiwe. Uwanja uwe na tuta la udongo lililokaguliwa, kwa sababu hata risasi hii ndogo huweza kuruka zaidi ya kilomita moja ikikosa kizuizi. Ada iwe ile ambayo mwanafunzi anaweza kulipa.

Hakuna mkoa ulio tayari kuliko huu. Shule ya Polisi iko hapa, nayo ina wakufunzi. Michezo ya polisi wa Afrika Mashariki ina kulenga shabaha miongoni mwa mashindano yake. Chuo cha Mweka, kilichofundisha wahifadhi wa wanyamapori tangu 1963, kiko juu yetu mlimani. Chuo Kikuu cha Ushirika kiko hapa hapa mjini, na kuandika katiba ya chama cha umiliki wa pamoja ndiyo taaluma yake. Kinachokosekana ni barua moja ya kuwaketisha watu hawa katika meza moja.

Wanafunzi, acheni kukusanya fedha ili kila mmoja awe na bunduki yake. Andikeni katiba ya klabu. Wanaharakati, mnaolalamikia silaha mikononi mwa wenye vyeo, ungeni mkono silaha iliyo chini ya chama na kufuli, kwa kuwa huo ndio mfano utakaowaaibisha. Nanyi watumishi wa umma mnaosoma hapa kimyakimya, ombi la klabu ya kwanza likifika mezani kwenu, msiliweke chini ya faili nyingine. Lisomeni. Mkilikataa, kataeni kwa maandishi na kwa sababu, ili tupate pa kuanzia kubishana nanyi.